Sola Nzito ya Mkwe Wangu

Jumatatu, tarehe 3 Juni 1996

Leo nimejiajiri. Cheo: Mkuu wa Mauzo, milima yote. Hakuna aliyeniteua. Hakuna wa kunifukuza pia, maana mwenye kiwanda ni Thobias, mume wa binti yangu Rose, na mkwe hamgombezi mama mkwe. Hata kunitazama usoni hanitazami. Akitaka kunikataza jambo anauambia ukuta. Ukuta unanyamaza, mimi naendelea.

Kiwanda chenyewe ni chumba kimoja na uani, mjini kule chini, pale Mwembesongo. Thobias alikuwa fundi kwenye kiwanda cha serikali. Kikauzwa, naye akapunguzwa, kama vile yeye ni nywele. Sasa yeye na wenzake wawili wanatengeneza sola. Wanaunga vipande vyeusi, wanavibandika chini ya kioo kinene, wanazungushia fremu, jua linageuka taa. Nimeona kwa macho yangu! Kazi safi. Wateja hakuna. Siku hizi soko huria, kila mwenye mizigo anashusha, na madukani zimejaa sola za Dubai, nyepesi, bei nusu ya zetu.

Rose kaniambia huku akichambua mchele, hajainua uso. Mwezi ukiisha bila oda, wanafunga. Wanahamia Dar kwa shemeji yake mwenye karakana ya mbao. Na Glory. Na Allen. Wajukuu zangu, watoto wa ukoo wangu, maana kwetu ukoo hufuata mama, wakalelewe kwenye maranda! Nilisimama mpaka kigoda kikaanguka.

Nimeondoka na sola moja ya mfano, betri na taa. Nimeipandisha mlima kichwani, ndani ya kanga. Nzito kama jeneza lenye mtu. Thobias aliuambia ukuta: iwekwe juani, uso juu, ifutwe kwa maji matupu. Maji matupu! Mwanamume anajua nini kuhusu usafi?

Jumatano, tarehe 5 Juni

Soko la Mkuyuni. Nimeweka sola katikati ya kabichi na karoti zangu ili ionekane mbichi.

Mbele yangu kabisa nani? Fransisko! Ana meza, ana mwavuli, ana sola ya Dubai. Ukoo wake na wangu ni watani tangu mababu, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana na sina ruhusa ya kukasirika. Akapaza sauti soko zima lisikie: njooni muone, bibi kaiba mlango wa kabati la padre! Nikamjibu yake ni nyepesi kama akili za baba yake. Watu wakafurahi sana. Hawakununua.

Yustina, jirani yangu, aliuliza akinunua atapewa nyongeza gani. Nikamwambia karoti mbili. Akasema basi apewe karoti tu.

Nimemwandikia Thobias barua, kwa mkono wangu. Shule sikusoma, herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa tayari bibi, na mwalimu alisema nina mwandiko wa kuku. Sawa, lakini barua inafika. Nimemshauri aweke kioo chembamba kama cha wenzake. Shingo inaniuma.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Akili imenijia nikiuza machungwa! Mtu hanunui chungwa asiloonja. Na sola je? Nani kaionja? Hakuna!

Nimetangaza: kila nyumba itaonja taa siku moja, bure. Yustina wa kwanza. Amefurahi, amenibariki, amesema nitaiona mbingu.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Foleni ya kuonja imefika nyumba kumi na moja. Waliokwisha kuonja wamejiandikisha tena. Nikamuuliza Yustina atanunua lini. Akashangaa. Kwa nini anunue, na zamu yake inarudi baada ya siku kumi?

Nimeikuta sola kwa mzee aliyeonja jana imelazwa jikoni, watoto wanaanikia dagaa juu yake. Nimefuta kuonja. Kijiji kizima kimeninunia. Mbingu nayo naona imefutwa.

Lakini baada ya misa, habari! Sista Bernadeta wa zahanati anataka sola nane. Akina mama wanajifungua kwa kibatari, mkunga anashika taa kwa meno. Jumamosi mchana atapita kwangu kuona ya Thobias, kisha atashuka kwa Fransisko kuona ya Dubai. Moja itachaguliwa.

Nane! Nane zikinunuliwa, Rose haendi popote. Nimesali rozari nzima, na katikati nimepanga mikakati.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Nimepita mbele ya meza ya Fransisko nikijifanya nanunua chumvi. Sola yake inang'aa. Yetu imefifia, tena inanuka dagaa.

Bilinganya likififia unafanyaje? Unalipaka mafuta. Nimeipaka sola mafuta ya nazi, mbele na nyuma, na fremu. Jamani! Ilimetameta kama bibi harusi. Nimeilaza kando ya barabara ili wapita njia waione.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Lori la ndizi lilipita. Kisha la pili. Vumbi lote la Mkuyuni limeganda kwenye mafuta, na manyoya ya kuku juu yake. Taa ikawa kama jicho la mgonjwa.

Maji matupu hayakusaidia, nilijua. Nimechota mchanga wa mtoni na jivu, nikasugua kama ninavyosugua masufuria. Vumbi lilitoka. Mng'ao nao ulitoka. Sasa kioo kina ukungu na mikwaruzo mizuri ya mviringo. Fremu mafuta yake yamegoma kutoka. Taa inawaka kidogo. Ukiwa na subira unaona.

Rose ameandika. Thobias ameanza kufunga vyombo vyake kwenye boksi. Glory ameuliza kama Dar kuna bibi. Nimeisoma barua hiyo mara nne, na si kwa sababu ya ugumu wa herufi.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Msiba. Mzee Elia, mjomba wake Fransisko, ametutoka. Kila nilipokutana naye alinihesabia meno yaliyobaki. Nimemlilia kwa sauti kuliko wajane wa kijiji kizima. Nimechota maji, nimepika, nimemshika Filomena mkewe begani mpaka akapitiwa na usingizi. Mtani wangu hawezi kuzikwa kama mtu asiye na watu.

Kisha nikafanya kazi ya mtani. Sisi watani msibani tuna haki yetu: tunakamata kitu cha wafiwa, hatukirudishi mpaka wakikomboe. Mwenzangu mmoja alijilaza kaburini akakataa kutoka mpaka aletewe tumbaku. Mimi nikatazama huku na huku. Nikaiona. Sola ya Fransisko! Ile ile ya kumwonyesha Sista, imeegemezwa ukutani ikiendesha redio ya kaseti kwa ajili ya nyimbo za kwaya.

Nikaichomoa. Kwaya ikakatika katikati ya aleluya. Nikaiweka kichwani. Nyepesi kama ungo! Watu walicheka mpaka Filomena naye akacheka na machozi yake. Fransisko alifungua mdomo, akakumbuka yeye ni nani na mimi ni nani, akaufunga.

Akauliza nataka fidia gani. Nikasema jogoo mwenye miguu mitatu. Na kabla ya hapo, sola haitoki.

Kesho Sista atashuka kwake atakuta meza na mwavuli. Niliimba njia nzima. Kisha nikajisuta, msibani haimbwi hivyo. Kisha nikaimba kidogo tena.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Nimeziweka sola zote mbili juu ya bati langu. Ya kwetu ili Sista aione. Ya Fransisko ili isipoteze siku ya jua, maana mateka naye hula.

Sista Bernadeta amefika saa sita. Shikamoo, marahaba. Hata hajaketi, nani anapanda kilima? Fransisko! Mkononi jogoo. Jogoo ana miguu miwili yake na kijiti kimoja kilichofungwa kwa kamba ya mgomba.

Nilihesabu. Mitatu. Yustina, aliyekuja kutazama kwa sababu bado ana kinyongo, naye alihesabu kwa sauti. Mtani akishindwa anatoa. Nikamwambia Fransisko apande mwenyewe akachukue mali yake.

Akaegemeza ngazi. Na hapo upepo wa mlimani, ule wa Juni, ukashuka.

Sola ya Dubai iliruka kama karatasi. Ikazunguka juu ya migomba, ikarudi, ikaanguka kwenye jiwe mbele ya miguu ya Sista. Vipande! Ya kwetu haikuruka. Iliteleza. Ilishuka kwenye bati polepole kwa yale mafuta ya nazi, kama mtoto kwenye utelezi, ikavunja ngazi, ikaangukia banda la kuku. Banda likalala chini. Kuku walitoka wakinilaani.

Moyoni nikamwona Glory ameshapanda basi la Dar.

Sista akaiinua fremu kwa mikono yake. Kioo kizima! Akauliza hii mikwaruzo ni ya kuanguka? Nikasema hapana, hiyo ni mchanga. Na harufu hii? Dagaa. Na utelezi? Nazi. Akaniuliza kama kuna jambo lolote sijaifanyia. Nikafikiri kwa uaminifu. Nikamwambia sijaichemsha.

Waya ulikuwa umechomoka. Nikaushika, nikauchomeka pasipo pake. Fransisko akaniondoa pembeni. Akasema bibi keti, utauwasha msitu. Akaunga waya mwenyewe, huyo ambaye mali yake ilikuwa vipande miguuni. Taa ikawaka. Si sana. Lakini iliwaka, na Sista akavua miwani akaivaa tena.

Akasema zahanati yake ina upepo, ina mbuzi, ina ndugu wa wagonjwa wanaoanika kila kitu juu ya kila kitu. Kitu kilichokaa kwangu siku kumi na mbili na bado kinawaka, kwake kitazeeka. Atachukua nane za Thobias. Kioo hicho hicho kinene. Akaongeza jambo kuhusu mimi kutozigusa. Upepo ulikuwa mkali, sikusikia vizuri.

Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Kisha nikamwona Fransisko ameketi kwenye jiwe anaokota vipande, anavipanga kana kwamba vitaungana. Alikuwa ameuza kahawa ya msimu mzima kwa ajili ya ile sola. Moyo wangu ukaniambia Yuliana, wewe ni mshenzi. Nikamchinja yule jogoo, nikampikia, nikamkalisha kwenye kiti changu. Nikamwahidi sola mpya kutoka kwa Thobias, bure kabisa. Thobias hajui. Fransisko akala paja, akasema nyama ngumu kama mpishi. Nikajua atapona.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Wamekuja wote! Thobias, Rose, watoto. Boksi la vyombo limefunguliwa. Hakuna anayekwenda Dar. Glory amelala kitandani kwangu na miguu yake kwenye mbavu zangu, na sijapata kulala vizuri hivi tangu nizaliwe.

Barua yangu ya kioo chembamba ilifika. Thobias anasema hakuweza kuisoma. Basi ujue, mwandiko nao una kazi yake.

Rose amenikalisha jikoni. Ametumwa. Mumewe ananishukuru sana, ananiheshimu sana, ameikubali hata sola ya Fransisko, lakini anaomba mama sasa apumzike na biashara. Asionjeshe. Asipake. Asisugue. Asiahidi mtu kitu. Nikasema mwanangu, nimeelewa. Umri huu natafuta nini? Nikaapa kwa rozari, na nilimaanisha.

Ila kuna jambo dogo. Asubuhi, kabla hawajafika, nilikuwa nimepita zahanati. Sista alikuwa analalamika kwamba chanjo za watoto zinaharibika kwa joto. Akauliza tu, kwa kuuliza, kama mkwe wangu anatengeneza na friji za jua. Ningesema hapana? Na kuna muuza friji wa mjini yuko tayari kuleta za kwake? Nimemwambia tunatengeneza, tena kubwa, itafika Ijumaa.

Nitamwambia Thobias kesho akishakula. Sioni ugumu wake. Kama ameweza kuligeuza jua kuwa taa, kuligeuza kuwa barafu ni kugeuza waya tu.