Mparachichi wa Nidia na Pizote Wasiotaka Kupita

Jumatatu, 3 Machi
Barabara inapanuliwa hadi huku kilimani Escazú. Mparachichi alioupanda marehemu mke wangu Nidia umepakwa alama nyekundu. Utakatwa! Utaachwa tu ikionekana wanyama huupitia kwenda msituni. Yorleny, binti wa kamati ya wanyama, amefunga kamera mbili: moja kwangu, moja kwa jirani, Doña Tarsila. Ua wa Tarsila una tundu miaka sita sasa. Uvivu mtupu. Mimi natumia akili. Nimenunua ndizi za kuwavuta wanyama.

Jumanne, 4 Machi
Wamekuja pizote wanane, wale wanyama wa msituni wakubwa kama paka! Pua ndefu, mikia juu. Nimeiambia picha ya Nidia iondoe wasiwasi.

Alhamisi, 6 Machi
Pizote ishirini na mmoja. Wamemaliza ndizi, wali wangu wa maharagwe, na sabuni. Tarsila kapaza sauti: "Eladio wee, umefungua hoteli?" Wivu huo.

Ijumaa, 7 Machi
Hawaondoki. Wamejilaza juu ya bati. Nimewaomba wapite, hata hatua mbili. Nimejifunika blanketi la kahawia, nikatambaa mbele yao kuwaonyesha njia. Hakuna aliyenifuata.

Jumatatu, 10 Machi
Yorleny kaangalia picha za kamera yangu. Kacheka hadi kakaa chini. Anasema wanyama wangu hawapiti, wamehamia. Aliyepita ni mmoja tu, mwenye blanketi na kandambili. Nimeingia ndani nikalia. Mti ule ndio uliobaki wa Nidia.

Jumanne, 11 Machi
Mti umepona! Kamera ya Tarsila imenasa mama pizote na watoto wanne. Kila asubuhi wanapita juu ya tawi la Nidia, wanashukia kwa Tarsila, wanatokea kwenye tundu la ua, hao msituni. Ndizi zangu hawakuzitazama. Kumbe Tarsila ndiye aliyeomba kamera yake ielekezwe kwenye mti wetu. Nimemuuliza kwa nini. "Nidia alikuwa rafiki yangu, mjinga wewe." Akanipa kahawa.

Jumatano, 12 Machi
Alama nyekundu imefutwa. Kibao cha NJIA YA WANYAMA kimesimikwa. Upande wa Tarsila! Mti wangu, kibao chake! Nimekaa nikafikiri vizuri, nikaona nilipokosea.
Ndizi zilikuwa chache. Nimeagiza mikungu mitatu.