Nikikohoa, Zima Umeme

Jumatatu, 3 Novemba

Binti yangu amechumbiwa! Haya, nimeshasema, sasa nivute pumzi. Amechumbiwa jana, sebuleni kwangu, kwenye makochi yangu, mbele ya wifi yangu aliyekuwa akisema kila siku kwamba mtoto huyu anachagua mno. Leo wifi yuko kimya. Raha iliyoje!

Mama wa kijana, ambaye sasa namwita Bi Mkwe, ni mtu wa heshima zake. Alikula biskuti zangu mpaka sahani ikabaki nyeupe. Zangu, yaani nilizonunua dukani. Kwa kuwa kila moja ina chapa ya kiwanda katikati, niliamka mapema nikazikwangua chapa zote kwa uma. Kazi! Bi Mkwe akauliza ni fundi gani anayeoka biskuti laini namna hii. Mdomo ukanitangulia. Mimi.

Akafurahi kupita kiasi. Akaomba aje Jumapili akae nami jikoni nimfundishe. Nikamwambia karibu, jiko ni lako. Kwani biskuti ni nini? Unga, sukari, siagi. Nimelea watoto wanne wakakua, nitashindwa na unga?

Jumanne, 4 Novemba

Oveni yangu ni kubwa, ina kioo mbele. Tangu inunuliwe haijawahi kuwashwa, natunzia masufuria humo. Leo nimeyatoa yote nikaiwasha. Yote, isipokuwa bakuli la plastiki lililojificha nyuma kabisa.

Moshi! Wifi, ambaye nyumba yake na yangu zinagusana ukuta, akachungulia dirishani kuuliza kama tunachoma tairi. Nikamjibu kwamba wanaojua kuoka huifukiza oveni kwanza. Akaguna. Mguno wake naujua, utafika mpaka sokoni.

Biskuti zikatoka baadaye. Ngumu kidogo. Baba watoto alichovya moja kwenye chai. Chai ikaisha, biskuti ikabaki vilevile. Mume wangu ana adabu. Aliitia mfukoni akasema ataimalizia kazini.

Jumatano, 5 Novemba

Nimetumia akili. Kitu kigumu kinataka maji. Nikaongeza maji, tena kwa ukarimu. Zikaungana zote zikawa biskuti moja, kona hadi kona ya trei. Nikaikata kwa mkasi. Ukizitazama kwa mbali zinapendeza.

Binti yangu hakuzitazama kwa mbali. Alirudi kazini, akaziona, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, machozi yakamlengalenga. Akasema, mama, wewe utaaibika siku moja tu, mimi ndiye nitakayeishi na watu wale. Nitaitwa mtoto wa mwongo mpaka nipate mvi. Akanisihi nimpigie Bi Mkwe nimwambie ukweli mapema.

Maneno yale yalinichoma. Ni mtoto wangu wa kwanza, sitaki aingie nyumba ya watu na doa langu. Nimekaa, nimefikiri, nimeamua. Ukweli sisemi. Nitajua kuoka.

Alhamisi, 6 Novemba

NIMEJUA!

Leo nimetia sukari ya kahawia (ya wifi, alikuwa hayupo nikaona nisimsumbue), siagi bila ubahili, yai. Trei ikaingia. Kingo ndiyo kwanza zinashika rangi, katikati bado mbichi kabisa, umeme ukakatika mtaa mzima. Nililia. Niliwatukana watu wa umeme moyoni, na kidogo kwa sauti. Nikaitoa trei, nikaiacha mezani, nikaenda kujilaza kwa hasira.

Kuamka, laini! Ukiuma, ukingo unakatika, katikati panavutika taratibu mdomoni, hasa kama zile za pakiti. Niliweka moja ya pakiti na moja yangu mbele ya baba watoto akiwa amefumba macho. Akazila zote mbili akaomba ya tatu.

Basi siri ninayo. Biskuti laini zinataka umeme ukatike. Ndiyo maana zinawashinda wengi.

Ijumaa, 7 Novemba

Umeme haukatiki kwa kuombwa. Kwa hiyo Jumapili baba watoto atasimama koridoni, penye swichi kubwa ya nyumba. Nikikohoa, azime. Nikikohoa tena, awashe. Tumefanya mazoezi. Mwanzoni alizima nilipopiga chafya, tukasahihishana, sasa yuko vizuri kuliko hao wa umeme wenyewe.

Binti akauliza kwa nini nisiizime tu oveni kwa kitufe chake. Nikamwambia mwanangu, haya ni mambo ya ufundi. Akamtazama baba yake. Baba yake akatikisa kichwa: usijaribu.

Jumapili, 9 Novemba

Bi Mkwe amefika saa tisa, kapendeza, na wifi naye akafika bila kualikwa. Bi Mkwe ana mafua. Hilo sikulipangia.

Oveni ilikuwa ndiyo inaanza kupata moto, akakohoa. Taa ikazimika, friji ikanyamaza. Nikasema, umeme wa siku hizi huu! Akakohoa tena. Ukarudi. Nikamletea maji ya moto na asali, kidogo nimnyweshe kwa mkono wangu. Trei ikaingia. Akakohoa mfululizo. Friji ikazima, ikawaka, ikazima. Mume wangu mtiifu jamani!

Wifi akatoka nje, akarudi akatangaza kwamba kwake umeme upo, wala haujapepesa. Akaelekea koridoni. Tukasikia, "Kaka, unafanya nini hapa?" Akamleta jikoni kamshika mkono, na mkono wake mwingine baba watoto bado kaunyoosha juu, kama yuko kwenye swichi. Akamuuliza tena mbele ya mgeni. Mume wangu hajui kudanganya. Akajibu, "Mama watoto kaniambia nikisikia kikohozi nizime."

Binti yangu akajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo.

Bi Mkwe akanitazama. Akaitazama oveni. Bega likaanza kumtikisika, kisha la pili, kicheko kikamtoka, kicheko kikageuka kikohozi. Baba watoto akajinasua, mbio mpaka koridoni, akawasha. Hapo hata wifi alishika meza kwa kicheko.

Biskuti tulizitoa kwa kuchelewa. Laini! Ushahidi huo: umeme umekatika mara nyingi, na zimekuwa laini kuliko za Alhamisi. Bi Mkwe akala moja, akala nyingine, akasema hizi sasa ndizo biskuti. Zile za juzi, akaongeza, nisamehe mkwe wangu, nilizimaliza kwa adabu tu, zilikuwa kama za dukani.

Za dukani! Nilizichagua kwenye rafu mwenyewe! Nikafungua mdomo nizitetee, binti akanikanyaga mguu.

Kisha Bi Mkwe akamvuta binti yangu karibu. Akasema alikuja na wasiwasi wake, maana kijana wake amezoea kutumikiwa kama mgeni. Lakini kama baba mkwe ni huyu, anayesimama ukutani mchana kutwa kwa kuwa mkewe amemwomba, basi mtoto wa kiume atafundishika. Harusi ni mwezi huuhuu.

Mwanangu alilia tena, safari hii kilio kizuri. Jioni, tukiosha vyombo, akanikumbatia akasema mama, tumepona, sasa basi. Nikamwahidi. Basi!

Jumatatu, 10 Novemba

Bi Mkwe kapiga simu. Anauliza keki ya harusi tukaagize wapi. Kuagiza, nami nipo? Nikamwambia aache mara moja, keki zote za ukoo huu natengeneza mimi. Akauliza kama nimewahi kutengeneza ya ghorofa nne. Nikasema ghorofa nne ni za kufanyia mazoezi, yake itakuwa tano, na chemchemi ya maji katikati.

Binti yangu hajui bado. Namtafutia saa nzuri ya kumwambia, pengine akiwa amelala. Keki ni biskuti iliyosimama tu. Oveni yangu haitatosha, lakini ya wifi ni pana, na nimeshamweleza kwamba ni heshima kwake kuitoa. Akaguna. Nikajua amekubali. Mtaa mzima nimeualika kuja kuiona keki, na ukoo wote, na wafanyakazi wenzake baba watoto. Waje na njaa: Jumamosi, tarehe 29.