Gereji Isiyo na Watu

Kwa furaha kubwa, Idara yetu inautangazia umma kwamba tatizo la upotevu wa umeme limekwisha. Lilikwisha Jumanne, baada ya chai.

Chanzo kilikuwa gereji. Zamani humo lililala gari la Mkurugenzi. Sasa ni darasa la jioni la kina mama, lenye viti, ubao na, ukutani, pampu ya joto, ile mashine ya umeme ya kupasha chumba. Mimi, Katibu wa Kamati Ndogo ya Matumizi Bora ya Joto, niligundua jambo zito: darasa hukutana mara mbili tu kwa wiki. Saa nyingine zote gereji ni tupu. Kwa hiyo, kwa kufuata wingi wa saa, gereji haina watu hata ikiwa na watu.

Tukatoa waraka, tukaiweka pampu kwenye hali ya “Safarini”, ile ya nyumba ambayo wenyewe wamesafiri. Hapo hutoa joto la kuzuia mabomba yasigande, basi. Mabomba hayakulalamika.

Waliolalamika ni kina mama. Kiranja wao, Mama Pacha, alinijia ofisini, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kiunoni.

“Kaka Katibu, watoto wanatetemeka. Wenzangu wameanza kubaki nyumbani. Tukipungua zaidi mtalifunga darasa, na mtihani ndio huo umefika.”

“Dada, kitaalamu hampo.”

“Hatupo?”

“Mpo kwa uchache.”

Akamfuta mwanawe kamasi. “Haya. Na huo waraka ni wa vyumba vyote, au mmetuona sisi tu?”

Swali hilo lilinichoma. Mimi ni mtu wa haki, bwana! Siku hiyohiyo nikaandika: chumba chochote kisicho na mtu kwa saa nyingi za kazi kiwekwe Safarini, bila kujali cheo. Mkurugenzi aliidhinisha kwa simu, akiwa njiani kwenda semina. Kila pampu ikafungwa kijicho cha kutambua watu, kiamue chenyewe.

Kina mama wakaanza kupokezana gerejini kutwa nzima, na vitabu vyao, na watoto wao. Kijicho kikawaona. Gereji ikapata joto, waliokimbia wakarudi.

Lakini kijicho hicho hakina adabu. Ofisini kwa Mkurugenzi kilikuta koti lake limetundikwa kitini, kama siku zote, kuonyesha kwamba yupo hapo karibu. Sisi watumishi koti hilo huwa tunaliamkia. Kijicho kikaona koti.

Mkurugenzi aliporudi alipiga kelele korido nzima.

“Katibu! Mbona ofisi yangu imekuwa jokofu?”

“Mheshimiwa, kitaalamu hupo.”

“Si mimi huyu nimesimama mbele yako!”

“Upo kwa uchache, mheshimiwa. Ukikaa kitini saa nyingi itawaka yenyewe.”

“Saa nyingi? Yaani… mpaka mchana?”

Akavaa koti, akaenda gerejini.

“Karibu, mzee,” alisema Mama Pacha. “Funga mlango, joto linatoka. Hebu nishikie huyu, nimalizie hesabu.”

Mkurugenzi akavua koti, akampakata mtoto. Kijicho kikamwona, kikapepesa taa ya kijani. Tangu mwaka uanze, hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuonekana kazini.

Dakika chache baadaye simu yake ikalia. Semina nyingine. Akanyoosha mkono achukue koti. Pacha wa pili alikuwa amefunikwa nalo, amelala fofofo.

“Nenda tu, mzee,” Mama Pacha akamwambia bila kuinua macho kwenye daftari. “Koti liache. Si umezoea?”