Vampaya wa Hermelinda

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua. Kutwa nzima nimekata majani ya kupambia mashada ya maua huko mlimani, mgongo umekufa. Wakati wa kurudi nikampitia Hermelinda, mtu wa kwetu Guatemala, chumba cha kufulia anakofanya kazi, pale gesti. Nikamkuta analia. Nikadhani kafiwa. Kumbe kitabu. Wageni wa gesti ni wanawake wapenzi wa hadithi za mahaba ya vampaya, wale wafu wanaoishi kwa kunyonya damu. Wanakuja kwa mabasi, eti ukungu wetu unafaa, na wakiondoka huacha vitabu chini ya vitanda, vingine vya Kihispania. Akasema anamlilia kijana wa miaka mia tatu aliyekataa kumng'ata mpenzi wake. Nikamwambia hata mimi sijawahi kumng'ata mtu. Hakucheka.

Nectalí, dereva wa kikosi chetu cha wakata majani, alikuwa amemletea kuni. Kila wiki kuni. Kitambi kile, na kuni.

Nimeamua. Nitakuwa vampaya.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeazima kitabu. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nasoma kwa kidole. Vampaya ana mikono baridi. Ninayo. Halali usingizi. Silali, Nectalí anakoroma kitanda cha juu. Hapigwi na jua. Mimi jua sijaliona tangu Agosti. Nusu ya kazi imekwisha bila jasho.

Tena haingii nyumba ya mtu mpaka akaribishwe, na msichana wa kitabuni karibu azimie kwa jambo hilo. Kwetu Guatemala hata mkwe hungoja mlangoni. Miaka yote hii sikujua kwamba ni mahaba.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimesimama chini ya mti mkabala na chumba cha kufulia, nikimkazia Hermelinda macho bila kupepesa. Saa nzima, mvua inanipiga. Wageni wawili wenye majoho meusi wakanipiga picha. Hermelinda akatoka, akauliza kama nimepotewa na akili au na basi, akanivisha mfuko wa plastiki kichwani. Vampaya havai mfuko. Niliuvaa, maji yalishafika mgongoni.

Nikauliza wazi wanachopendea viumbe hawa. Mgeni mmoja, bibi aliyestaafu uuguzi, akajibu, Hermelinda akatafsiri: miaka arobaini kauguza watu, wala hakuna aliyemuuliza kama kachoka. Huyu wa kitabuni ana njaa ya kufa, angeweza kuchukua atakacho, lakini anamuuliza msichana kwanza, kisha anangoja jibu. Hermelinda akaongeza, "Ndivyo hasa, Abelino. Anasikiliza."

Nimeandika mkononi nisisahau: njaa ya kufa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sijala tangu jana asubuhi.

Leo siku ya tamal. Hermelinda aliwasha taa nyekundu mlangoni, ishara ya kwetu kwamba tamal ziko tayari, tukaenda kikosi kizima. Nikapiga hodi. Akasema karibu. Nikangoja, kitabuni hukaribishwa mara tatu. Nyuma yangu watu wanalowa. Nectalí akasema, "Kaka, ingia au utupishe, chakula kinapoa."

Akaniwekea tamal. Unga laini wa mahindi, nyama ya nguruwe ndani, mchuzi mwekundu, mvuke unatoka kwenye majani iliyofungiwa. Nikaisukuma pembeni, nikanong'ona kwamba njaa yangu si ya chakula. Hermelinda akauliza kama tamal yake inanuka. Nectalí akauliza kama jino linaniuma.

Hermelinda wa watu akasema yuko jikoni tangu alfajiri, na jana alifua shuka themanini. Nectalí akaacha kutafuna. Akamuuliza kama leo amekaa kitako hata mara moja. Akampa kiti chake, akaenda kuosha vyombo. Hermelinda akamtazama kama anavyotazama kitabu.

Mimi nilikuwa natazama sahani ya Nectalí. Ilibaki nusu. Sijui mkono ulifikaje. Mara wale wenye majoho, walioifuata taa nyekundu, wakachungulia dirishani. Wakanikuta nimejikunyata, mdomo umejaa, mchuzi mwekundu unanichuruzika kidevuni. Wakapiga mayowe ya furaha. Hermelinda akageuka.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimerudisha kitabu, nikaomba radhi. Hermelinda alikuwa anatoka kwenda kanisani na Nectalí. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema mwezi mzima sijamuuliza neno kuhusu yeye mwenyewe. Kwamba ningekaa tu, nikala, nikamuuliza siku yake ilikuwaje. Akasema si kwamba nimechelewa kabisa, Nectalí bado hajamwambia la moyoni.

Nimelala chali mchana kutwa nikifikiria maneno yake.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimefikiria. Kosa ni kitabu.

Leo nimeokota kingine kwenye mapipa ya gesti. Mwanamume anageuka mbwa mwitu. Ana manyoya, ananuka, anakula anavyotaka. Huyu ndiye mimi! Nimetupa wembe.

Jioni Hermelinda alikuja kambini kwetu na tamal moja iliyobaki, ameifunga kwa kitambaa safi. Akakaa kwenye ngazi kando yangu. Akaniuliza siku yangu ilikuwaje, akangoja.

Nikanguruma.