Mchwa wa Kuazima

Jumatatu, 3 Juni
Nimeipata nyumba! Iko mtaa wa Effiakuma, vyumba vitatu, kuta imara. Mwenyewe ni Mzee Eshun, mstaafu wa reli, anahamia Kumasi kwa binti yake. Chumba kimoja tutalala, viwili tutapangisha kwa wafanyakazi wa kampuni za mafuta. Kwaheri, nyumba ya mama mkwe!

Mke wangu Araba amekubali kuuza friza yake. Ndiyo inayotulisha, humo ndimo anamoweka samaki wa kuuza. Akasema, "Ebo, hii ni mara ya mwisho." Nikamwambia aniachie mimi.

Kaka yake, shemeji Paa Kwesi, ana nyumba mbili na mdomo wa mwenye nyumba kumi. Ameshauri bila kuombwa: usinunue kabla haijakaguliwa. Mkaguzi ameshanitafutia, Mama Dadzie. Vizuri! Akikuta kasoro, bei inashuka. Na asipokuta? Hapo ndipo akili inapotakiwa.

Jumatano, 5 Juni
Nimebomoa kichuguu nyuma ya choo cha mama mkwe. Mchwa kopo zima, vidole vyote vimeumwa. Kopo ni lile jekundu la Araba la kupimia mchele. Halikuwepo jingine.

Mama mkwe alinikuta nimechuchumaa. Nikasema nachimba dawa ya mgongo. Akasema angependa kujua mgongo wangu umechoshwa na kazi gani.

Alhamisi, 6 Juni
Leo ilikuwa siku ya ukaguzi. Niliwahi kufika, nikamwambia Mzee Eshun napima mapazia. Akaniacha peke yangu. Mchwa nikawamwaga kwenye kabati la jikoni. Mara geti likagongwa. Mama Dadzie, kabla ya wakati! Na mimi kopo mkononi! Nikakimbilia sebuleni, nikapanda meza, nikasukuma kifuniko cha dari, nikalitupa kopo gizani.

Mama Dadzie ni mfupi, hana haraka. Anagonga ukuta kwa kidole halafu anasikiliza. Akasifu msingi. Akasifu mabomba. Jasho likanitoka. Alipofungua kabati, nikamaka kabla yake: mchwa! Akainama. Akawatazama kwa muda mrefu mno.

"Hawana njia za udongo, hawana vumbi," akasema. "Hawa wamekuja kwa teksi."

Mzee Eshun akacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Kisha akaomba ngazi aangalie paa. Darini! Kwenye kopo! Nikasema hakuna haja. Akasema paa ni nusu ya nyumba. Nikasema anayemlipa ni mimi, na ukaguzi umekwisha. Akafunga mkoba wake taratibu, akamwomba Mzee Eshun awe shahidi kwamba paa halikukaguliwa, mnunuzi amekataa. Awe shahidi tu!

Jumatatu, 10 Juni
Bei imeshuka robo nzima kwa ajili ya wale mchwa! Nilijiandaa kubishana hadi jioni. Mzee Eshun akakubali kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Alichotaka ni nilipe wiki hii, kabla mvua hazijakolea. Mzee mwema sana.

Paa Kwesi ameniuliza paa likoje. Wivu huo.

Araba anatafuta kopo lake. Anamshuku jirani. Nimemsaidia kutafuta mpaka chini ya kitanda.

Jumamosi, 22 Juni
Tulihamia asubuhi. Paa Kwesi akaleta kenkey, ile sima ya mahindi yaliyochachuka, na samaki wa kukaanga, tukakaa sebuleni. Nikamwonyesha kuta. Akawa anatazama juu tu.

Mvua ikaanza. Tone moja kwenye sahani yangu. Kisha mkwaruzo darini. Paa Kwesi akaacha kutafuna. Nikasema ni panya. Dari likavimba, likashuka lote: maji, tope, mbao zilizoliwa zikabaki kama mkate mkavu. Na mchwa! Sio wa teksi hawa. Wenyeji, wa miaka na miaka.

Kopo jekundu likaanguka la mwisho. Likabiringika mpaka miguuni kwa Araba.

Akaliokota, akachungulia ndani. Habari ya mchwa wa teksi alikuwa ameshaisikia, Mama Dadzie alimsimulia Paa Kwesi, naye akamsimulia dada yake. Nikaona uso wake ukielewa kidogo kidogo.

"Friza yangu, Ebo," akasema. "Friza yangu."

Niliona aibu, nikakosa pa kuweka mikono. Paa Kwesi hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Araba amerudi kwa mama yake. Ameondoka na kopo.

Jumapili, 23 Juni
Nimelala chini ya mwavuli. Paa Kwesi amekuja na fundi wake seremala. Anasema nimwombe Araba radhi, paa tulitengeneze polepole, na kuanzia leo niwe mkweli. Maneno mazuri. Nimemshukuru kwa moyo wote.

Ila kuna mtu wa Tarkwa anatafuta nyumba Effiakuma. Akinunua, Araba atapata friza mbili! Seremala anapigilia dari jipya kesho, keshokutwa rangi nyeupe. Mtu huyo anakuja Alhamisi. Amesema atakuja na mkaguzi, mama mmoja mfupi, mtaratibu, anayesifiwa sana.

Haina shida. Ngazi nimeshaificha.