Muwakilishi wa Australia ku Kasha

Hugues alikuwa anakula mukate na maharagi pembeni ya soko ya Nyawera, mu Bukavu, wakati alisikia mwanamuke mumoja anatukana simu. Watu wengine walipita. Hugues aliacha kutafuna. Kuna watu ambao roho yao inaamuka wakisikia kengele ya kanisa. Ya Hugues ilikuwa inaamuka akisikia mutu analalamika.

"Miye nakuuliza mashini iko wapi," mwanamuke alikuwa anapiga kelele, "weye unanijibu eti munafurahi kunitumikia! Munafurahia nini?"

Hugues alipangusa midomo, akafunga kifungo cha veste, ile koti yake ya suti, akavuta kiti bila kuitwa.

"Pole, maman. Nani anawakasirisha vile?"

"Robo."

"Robo?"

"Robo ya Australia, kompyuta yenye inajibu watu ku simu. Iko na jina ya mukristu, inaitwa Chris, lakini sijaona ubatizo wake."

Mwanamuke huyo alikuwa Maman Colombe, mushonaji wa Kasha, kule juu ku Bagira. Mashini yake ya zamani ilikuwa imekufa kifo chake cha mwisho, kile ambacho hata mafuta na maombi hayasaidie. Binti yake Ornella, mwenye anaishi Australia, alimununulia ingine mupya ku duka ya mtandao. Duka ilipokea malipo mara moja, bila kuuliza swali. Tangu siku ile ilikuwa inatuma ujumbe tu: muzigo uko njiani. Njia gani, haikusema. Na Komunyo ya Kwanza ilikuwa inakaribia. Wazazi wa parokia walikuwa wamemuachia Maman Colombe vitambaa vyeupe vya wasichana wao, na sasa walianza kupita mbele ya mulango wake wakikohoa. Bila mashini, vile vitambaa vitarudi kwa wenyewe, na wenyewe hawatarudi tena.

Hugues alisikiliza yote, akitikisa kichwa kama padri mu kiti cha maungamo.

"Maman, Mungu iko mukubwa. Munajua munasema na nani? Miye njo muwakilishi wa maduka yote ya mtandao ya Australia. Service ya malalamiko. Kivu yote, mpaka Kamituga."

"Mpaka Kamituga?"

"Kule njo tuko na wateja mingi, bakliya wa kweli! Mutu akipata dahabu leo, kesho ananunua frigo ku mtandao, hata kama kwake hakuna courant ya umeme. Munafungua dosye, faili ya malalamiko, munalipa kidogo ya kufungua, na mashini inatoka fasi ilijificha."

Maman Colombe alimuangalia kuanzia viatu mpaka nywele.

"Tonton, miye nimeshachoka na ahadi. Mbele nione mashini moja yenye ilifika kupitia mukono wenu. Moja tu. Muilete Kasha siku ya posho, Jumamosi, nami nitaita majirani. Wote wako na watoto inje, na wote wako na mizigo yenye iko njiani."

Hapo Hugues alisahau hata maharagi. Maman mumoja ni chakula ya mangaribi. Kartye mzima, mutaa wote, ni nyumba ya gorofa. Basi akafanya kitu hakuwahi kufanya mu maisha yake ya utapeli: alitumia mali yake mwenyewe. Aliuza moto yake, pikipiki ile yenye ilikuwa inamulisha na kumukimbiza wakati wa lazima, akanunua mashini ya kweli, mupya, ya umeme. Hakubakiza kitu. Ku kartoni alibandika picha ya kanguru. Mwenye kuichapisha alikuwa na wino kidogo, kwa hiyo kanguru alitoka kama panya mwenye anangojea usafiri. Lakini kwa Hugues ilitosha. Ile mashini ilikuwa chambo, na chambo hakiliwi, kinarudi na muvuvi nyumbani.

Mangaribi ile, Maman Colombe alimupigia Ornella.

"Muwakilishi gani, mama?" Ornella alicheka mpaka akakohoa. "Hapa hapa Australia miye sijawahi kusema na mutu! Nabonyeza moja, nabonyeza mbili, wananiwekea muziki. Napika, nakula, naosha vyombo, muziki unaendelea. Halafu wananiuliza niwape nyota ngapi! Wazungu wenyewe hawamupate mutu wa kuongea naye, sembuse watu wa Bukavu? Huyo iko mwizi. Mumufukuze."

"Nimufukuze ju ya nini?" Maman Colombe alijibu. "Mwanangu, njo mara ya kwanza mutu wa Australia ananiambia atakuja na mashini. Wacha alete."

Siku ya posho Hugues alipanda Kasha na kartoni ku bega, jasho linamutiririka, na akakuta kiwanja kimejaa. Wamaman walikuwa wamevaa vitambaa vya siku kubwa. Papa Philémon, mwenye nganda, baa ya jirani, alikuwa ameshusha makreti ya pombe. Hugues aliwaona wale watu wote na moyo wake ukaimba. Alifungua kartoni, akaweka mashini ku meza, na akasimama ku kiti.

"Watu wa Kasha! Ku Australia, kliya ni mufalme! Akilalamika asubui, mangaribi wanamuomba musamaha. Akisema rangi ya mashini haimupendeze, wanabadilisha rangi. Akisema rangi ya bwana yake haimupendeze..."

"Wanabadilisha bwana!" wamaman walijibu kwa sauti moja, na Papa Philémon mwenyewe alicheka, ingawa bibi yake alikuwa amepiga makofi kupita wote.

Sasa, mutu anapaswa kujua kwamba ku Kasha kitu kipya hakiingie mu nyumba kikavu. Lazima kiarozwe. Mwenye kukileta anakimwangia pombe kidogo, anataja jina ya mwenye kukipokea, na majirani wanakunywa. Wakishakunywa, wote wamekuwa washahidi, na hakuna tribinali yenye inaweza kutapisha kartye mzima. Hugues alijua desturi hiyo vizuri. Alikuwa amekunywa ku siku kama hizo mara mingi, hata fasi hakuitwa. Lakini makofi yana nguvu kuliko pombe.

Maman Colombe alimupatia glasi kwa mikono miwili, akiinama kidogo.

"Tonton Hugues, mwenye kuleta njo anamwanga. Na museme jina, watu wa nyuma wasikie."

"Jina ya nani?"

"Aa, tonton! Nani iko mbele yenu?"

Watu walipiga makofi. Siku ile, kwa makofi yale, Hugues angetaja hata jina ya Papa wa Roma.

"Kwa Maman Colombe!" alisema, na akamwanga.

Vigelegele vilipanda mpaka juu ya mabati. Watu walikunywa. Hugues alicheza, akainua mikono, na veste yake ikapasuka kwapani bila yeye kusikia. Kisha akafungua sakosi, mufuko wa makaratasi yake, uso unang'aa.

"Sasa, wandugu, tufungue badosye!"

"Miye wa kwanza," Papa Philémon alisema. "Lakini mbele tuone mashini ya Colombe inashona."

"Hapana, papa. Yake iko njiani. Hii ni ya kliya mwengine, maman mumoja wa kartye ya Muhumba. Naenda kumupelekea sasa."

Mutu angeweza kusikia povu ya pombe ikishuka mu glasi.

"Ya mwengine?" Papa Philémon alisimama polepole. "Kijana, umeimwangia pombe. Umetaja Colombe. Tumekunywa. Basi, ao mashini ni ya Colombe, ao umeiba kitu ya maman wa Muhumba na umetunywesha siye wote juu ya wizi. Kama ni vile, twende kwa shefu wa kartye, na huyo maman aitwe."

Kumuita maman mwenye hayuko ni kazi ngumu, hata kwa muwakilishi wa Kivu yote.

"Ao ni yenu mwenyewe?" Maman Colombe aliuliza kwa upole. "Museme tu, tonton. Museme muliinunua hapa Bukavu, mukabandika panya ku kartoni. Hakuna mutu atawafanya kitu. Papa Philémon, si vile?"

Papa Philémon alikuwa anakunja mikono ya shati yake.

"Ni ya Maman Colombe," Hugues alisema, na sauti yake ilitoka kama ya mutu anayeapa ndoa kwa kulazimishwa. "Kampuni... kampuni imeona mateso yake."

Vigelegele mara ya pili. Wanaume wawili waliingiza mashini mu nyumba. Courant ilikuwako, jambo ambalo watu waliita muujiza wa pili. Maman Colombe alikaa, akapitisha uzi mu sindano, kisha akageuka.

"Tonton, mutoe veste."

"Ya nini tena?"

"Imepasuka kwapani. Muwakilishi mukubwa hawezi kushuka mu mji vile."

Hugues alitoa veste. Alisimama na shati tu, kartoni tupu mukononi, na akaangalia mashini inakimbia juu ya kitambaa yake, laini, bila kurukaruka. Maman Colombe alikata uzi na meno, akamurudishia veste.

"Kazi ya kwanza ni bure," alisema.

Hugues aliivaa. Akaingiza kidole kwapani, akavuta mushono kwa nguvu. Haukulegea hata kidogo.

"Inashona muzuri," alisema kwa uchungu.

"Muzuri sana," Maman Colombe alijibu, akivuta kitambaa cheupe cha kwanza. "Mutushukurie Australia."