Bwana Harusi Mwenye Ngiri

Aliyetaka kumjua Odell Prejean hakupaswa kumtazama usoni, maana uso wake ulikuwa wa shemasi. Alipaswa kumtazama mkono wa kushoto. Mkono huo ulikandamiza kinena mchana kutwa, kama wa mtu aliyeiba mkate akauficha ndani ya suruali. Odell alikuwa na ngiri, na ngiri yenyewe ilikuwa na udaku: akikohoa, inachungulia, akicheka, inachungulia, akinyanyua kitu kizito kuliko uongo, inatoka nje kabisa kuja kuona kuna nini.

Uongo ndio uliomlisha. Pale mjini Lafayette, jimbo la Louisiana, Odell alizunguka kwa vinyozi, kwenye maduka ya kufulia nguo na milangoni mwa makanisa akiuza Kadi ya Afya Timilifu. Ilikuwa kadi ya rangi ya dhahabu, ina picha ya ndege mwari, nembo ya jimbo, na namba ndefu ya kutia heshima. Aliyeinunua aliamini amekata bima. Kwa hakika alikuwa amenunua punguzo dogo la miwani, katika duka ambalo lilikuwa limeshafungwa na mwenyewe kahamia Texas.

Mteja mwenye akili kidogo angeuliza, "Na ile bima ya bure ya jimbo, ya sisi wenye kipato kidogo?"

Hapo Odell angetikisa kichwa kwa huruma. "Ile, bwana wangu, ni ya watoto na wajawazito. Una mimba?"

Mteja angecheka, angelipa. Odell aliisema kauli hiyo miaka nenda miaka rudi, mpaka ikamwingia damuni. Ndiyo maana yeye mwenyewe, muuza bima maarufu, hakuwa na bima ya aina yoyote. Siku moja alimuuliza daktari gharama ya kuishona ngiri. Alipotajiwa, aliomba maji ya kunywa, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Basi alikuwa mawindoni katika duka la dawa, kasimama karibu na dawa za kikohozi, alipomwona mwanamke mrefu, mnene wa kupendeza, kavaa kofia ya majani, akipokea mfuko uliojaa dawa. Mwanamke alionyesha kadi, akageuka kuondoka. Hakutoa hata senti.

"Mama, hulipi?" aliuliza mzee aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.

"Ya nini, baba? Bima ya jimbo hii. Nikiumwa natibiwa, nikilazwa nalazwa." Akashusha pumzi, na kwa sauti ambayo ingesikika hadi mtaa wa pili akaongeza, "Raha yote hii, halafu naila peke yangu. Mume sina."

Ngiri ikachungulia. Odell akairudisha ndani kwa kiganja, akaanza hesabu za kichwani. Bima ya jimbo maana yake ameajiriwa na jimbo. Mwajiriwa wa jimbo humwingiza mwenzi wake kwenye bima. Na ndoa, hili alilijua vizuri kwa kuwa ni moja ya sheria mbili tatu alizowahi kuzisoma, hufungua dirisha: mtu haambiwi asubiri msimu wa kujiandikisha, anaingizwa papo hapo. Pete ingemgharimu kidogo. Daktari angemgharimu nyumba, na nyumba yenyewe hakuwa nayo.

Akamkuta mlangoni, akamfungulia kwa mkono wa kulia. "Bibie, samahani. Kofia kama hiyo haifai kutembea bila mtu wa kuisindikiza."

Mwanamke akamkagua: suti nyeupe, buti za ngozi ya mamba, saa ya dhahabu, na nje ya dirisha Kadilaki ya rangi ya maziwa ambayo Odell alikuwa ameiegesha pale isipoweza kukosa kuonekana. "Kofia inatembea na Verlie Robichaux," alisema. "Wewe unatembea na nani?"

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kama gari lililokatika breki. Jumapili walikula gambo ya bata, mchuzi mzito wa kwao. Alhamisi iliyofuata walikula kamba wa kuchemsha, wakamenya wakitazamana, vidole vyekundu kwa pilipili.

"Unafanya kazi wapi, mpenzi?" aliuliza Odell, kana kwamba swali limemponyoka.

"Mimi? Kila Ijumaa niko shuleni," alijibu Verlie.

Mwalimu, alijisemea Odell, na moyo wake ukacheza. "Na wewe?" Verlie aliuliza. "Buti zile si za mtu wa mshahara mdogo."

Hapo Odell alipaswa kunyamaza. Lakini mwongo mzoefu ni kama jogoo. Akiona mwanga wowote anawika. "Nimestaafu visima vya mafuta baharini. Miaka ishirini na mitano."

"Kumbe. Nasikia watu wa mafuta wana bima nzuri hata wakistaafu. Inatibu mpaka meno."

"Ya kwangu ni dhahabu tupu," alisema Odell, akameza kamba bila kutafuna.

Jumamosi Verlie alimpeleka kwenye dansi. Kodiani ililia, ubao wa bati wa kufulia ulikwaruzwa kwa vijiko, na Odell akalazimika kucheza mkono mmoja ukiwa kiunoni kwa Verlie na wa pili kinenani kwake mwenyewe. Watu wa pale walidhani ni mtindo mpya. Kufikia wimbo wa nne vijana watatu walikuwa wameuiga. Katikati ya wimbo wa tano, jasho likimtiririka na utumbo ukimsihi, Odell alimnong'oneza Verlie waoane haraka, hata wiki ijayo, kwa kuwa mapenzi yake hayavumilii.

"Yangu pia yana haraka," alisema Verlie.

Walifungishwa ndoa na hakimu aliyekuwa akiangalia saa. Shahidi alikuwa kaka yake Verlie, Nolan, mtu wa maneno machache na pikapu yenye kutu. Bwana harusi alipoambiwa ambusu bibi harusi, aliinama kwa uangalifu mkubwa.

Asubuhi yake walivaa vizuri wote wawili bila kuulizana, wakaingia kwenye Kadilaki. Odell akawasha gari. Likaunguruma. Hawakuondoka.

"Nielekeze basi, mke wangu," alisema Odell.

"Nikuelekeze wapi? Si wewe unayeijua ofisi?"

"Ofisi ipi? Tunakwenda ofisini kwenu, ukaniingize kwenye bima."

Verlie akamgeukia polepole. "Odell. Tunakwenda kwenye kampuni yenu ya mafuta, ukaniingize mimi."

Gari likaendelea kuunguruma. Mbwa wa jirani alikuja, akawatazama, akaenda zake.

"Si wewe mwalimu?" aliuliza Odell, sauti imepungua.

"Nani kasema mwalimu? Nauza maandazi ya nyama shuleni. Ijumaa, kwenye mechi."

"Na bima ya jimbo?"

"Ni ya jimbo. Ile ya wenye kipato kidogo. Kipato changu unakijua, ni maandazi." Akavua kofia, akaiweka mapajani. "Inanitibu kila kitu, ila haipandikizi jino. Nina pengo hapa nyuma ya chonge, nikicheka najiziba kama mtoto wa shule. Nikaona saa ya dhahabu dukani, nikajisemea, Verlie, jino lako lile pale limevaa suti. Sasa nawe niambie. Mafuta?"

"Mafuta nayajua ya kukaangia," alisema Odell. Na kwa kuwa siku ilikuwa imeshaharibika, akamweleza kadi zake za uongo na ngiri yote, tangu ilipoanza.

Verlie alimsikiliza mpaka mwisho. "Miaka miwili umeshikilia utumbo kwa mkono? Kwa nini hukwenda kuomba kadi kama yangu?"

"Ile ni ya watoto na wajawazito."

"Zamani, baba. Sheria ilibadilishwa kitambo. Mwanamume mzima, kapera, hana mtoto, mradi kipato chake ni kidogo anaingia. Nani alikudanganya?"

Odell alijipapasa kidevu. Alimfahamu vizuri sana aliyemdanganya. Alimnyoa ndevu kila asubuhi.

Kutoka hapo Verlie ndiye aliyeshika usukani, kwa maana zote mbili. Alisema kwa kuwa wameoana watahesabiwa kaya moja, lakini umaskini wao ukiunganishwa bado ni umaskini, hivyo wataingia wote. Tatizo aliloliona ni moja. Aliugonga usukani kwa kidole.

"Hili. Jimbo likisikia una Kadilaki litasema huyu ni tajiri, anatuchezea. Utanyimwa na mimi nitanyang'anywa."

"Tufanyeje?"

"Mwandikie kaka yangu Nolan liwe lake mpaka upasuaji upite. Nolan hana makuu, hata kuendesha magari mazuri hapendi."

Odell alilipenda gari lile kuliko alivyowahi kumpenda binadamu yeyote. Lakini ngiri ilichungulia wakati huohuo, kama iliyoitwa kutoa ushahidi, na kabla ya saa sita gari lilikuwa la Nolan.

Mshauri aliyewapokea kwenye kituo cha afya, Bibi Comeaux, alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani. "Kazi yako ni nini, Bwana Prejean?"

"Mfanyabiashara."

Verlie akamkanyaga buti.

"Nauza kadi," alisema Odell.

"Kadi za namna gani?"

"Za salamu. Krismasi. Pole na msiba."

Alipoulizwa anaingiza kiasi gani, kwa mara ya kwanza tangu utotoni akasema ukweli mtupu. Bibi Comeaux akamtazama juu ya miwani, kisha akatazama suti. "Una hakika si zaidi ya hapo?"

"Naapa, mama."

"Watu wengi wanaoapa humu huwa wananificha." Odell, aliyewahi kumuuzia kadi mlinzi wa jela, alitumia nusu saa nzima kumshawishi mtu mmoja kwamba yeye ni fukara. Alitoka amelowa jasho, akikiri moyoni kuwa ukweli ni bidhaa ngumu kuuza.

Lakini kadi ilikuja. Kisha ikaja siku ya hospitali, na daktari kijana aliyepiga mluzi akaishona ngiri kama anashona kifungo. Odell alipozinduka alitembelewa na Bibi Comeaux, aliyekuwa na kawaida ya kuwajulia hali watu wake.

"Mama, naomba nikuulize," alisema Odell, akijitengeneza kwenye mto. "Sasa kwa kuwa nimeshashonwa, sheria inaniruhusu kulirudisha gari langu?"

"Gari gani?"

Akamweleza. Bibi Comeaux alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Bwana Prejean, kwa watu wa umri wako jimbo linaangalia kipato tu. Magari haliulizi. Ungekuwa na kumi, sawa tu. Nani alikwambia habari hizi?"

Odell alilala akitazama dari. Alitaka kukasirika, akajitahidi kweli, lakini kilichokuwa kikimpanda kifuani hakikuwa hasira. Ilikuwa hali ile inayompata mpishi mzee anapoonja chakula cha mwenzake, akakuta chumvi imekaa pale pale.

Mchana alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka mlangoni. Pikapu ya Nolan ilikuwa ikimsubiri, Nolan mwenyewe kwenye usukani, akitazama mbele kwa bidii. Verlie akashuka, akaja akitabasamu bila kujiziba. Nyuma ya chonge, palipokuwa na pengo, palisimama jino jipya, jeupe, lenye kujiamini.

"Na gari?" aliuliza Odell, ingawa alikuwa ameshaona.

"Nolan kaliuza. Nilikwambia hapendi magari mazuri." Akamshika kwapa, akamwinua taratibu. "Daktari kasema usinyanyue kitu mwezi mzima, usiendeshe, usibishane. Pole pole, mguu huo kwanza."

Odell alikaa katikati yao, mikono yote miwili mapajani, haijui ifanye nini. Pikapu ikaondoka kwa kishindo. Walipofika kwenye taa za barabarani akasema, "Naweza kukupa talaka, unajua."

"Waweza," alisema Verlie. "Nami nitamwambia Bibi Comeaux hizo kadi zako za salamu zinasemaje."

Taa ikawa kijani. Odell akamtazama mkewe, akalitazama jino, ambalo hata yeye alikiri lilikuwa limefanywa vizuri.

"Hiyo ya gari," alisema hatimaye, "uliipanga lini?"

"Ulipokuwa unanisimulia ngiri," alisema Verlie, akampa andazi la nyama.